Shoga, kuhusu dawa za Mama

Lushoto

Shoga yangu Mama Nasra,

Salaam nyingi kwako na kwa watoto. Picha za dawa za Mama nimezipata, nimezikuza nikasoma kimoja kimoja. Naandika barua kwa sababu najua wadogo zako watataka kuisoma na wao.

La haraka kwanza. Kwenye mfuko wa presha nimeona propranololi. Dawa hiyo hubana njia za hewa, na kwa kifua kama chake, mlichoambiwa kina pumu, haifai. Asiikate ghafla mwenyewe, ila mpelekeni kwa daktari wake wiki hii hii aibadilishe.

Halafu ile inhela ya bluu, kile kikopo cha kuvutia dawa kwa mdomo. Unasema anamaliza moja kila mwezi! Dawa iliyomo, salbutamol, hufungua kifua kwa dakika chache, na baada ya saa chache nguvu yake imeisha. Ugonjwa wenyewe haiugusi. Kwa mwenye pumu, inhela 3 kwa mwaka tayari zinaonyesha kwamba pumu haijatulia, na 12 zinaambatana na hatari ya kifo. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, unasema mtu mzima asitibiwe kwa salbutamol peke yake.

Ya kahawia, beklometasoni, ndiyo inayotuliza uvimbe ndani ya mirija ya hewa, lakini huchukua siku, hata wiki. Mama kuipuliza siku mbili na kuirudisha kabatini wala simlaumu, maana ya bluu inamjibu papo hapo. Ni ya asubuhi na jioni, hata siku anayojisikia mzima kabisa. Akimaliza asukutue na kutema, asije akapata utando mweupe mdomoni.

Mikono yake haiwezi tena kubonyeza na kuvuta kwa pamoja, najua. Toboeni kitako cha chupa ya maji ya nusu lita, inhela iingie kwa kubana pasivuje hewa, abonyeze mara moja kisha avute taratibu mara tano sita kupitia mdomo wa chupa. Usicheke. Madaktari wa Cape Town waliipima kwa watoto wenye pumu, matokeo yakatoka 1999: chupa iliyozibwa vizuri ilifanya kazi sawa na kifaa cha kununua cha kazi hiyo hiyo.

Ila nina shaka na hilo jina la pumu. Mama amekaanga maandazi kwa kuni tangu tukiwa shule ya msingi, na kile kibanda hakikuwa hata na dirisha. Moshi huleta ugonjwa mwingine, wa njia za hewa kuziba polepole: kikohozi cha kila asubuhi, pumzi kukata kwenye mlima, na hakuna siku kifua kinafunguka kabisa. Huo hutibiwa zaidi kwa dawa za kutanua mirija zinazodumu muda mrefu, kama tiotropiamu. Inhela ya steroidi, kama hiyo ya kahawia, peke yake haiutoshi, tena huongeza uwezekano wa nimonia. Itakayowatenganishia magonjwa hayo mawili ni mashine ya kupuliza, spirometria. Iulizieni hospitali ya mkoa. Hadi apimwe, ya kahawia asiiache.

Na vile vidonge vya prednisoloni, msimnunulie tena wenyewe kila akibanwa. Vinapandisha sukari na kula mifupa.

Akishapimwa nitumie picha ya majibu, hata kama ni usiku.

Wako,
Mama Zuhura