Idrisa, kabla hujalipia hiyo Eunos

Kaka Idrisa,

Habari za Kigamboni, mzee anaendeleaje na magoti yake? Huku Coventry sisi wazima, baridi ndo imeanza kushika, asubuhi ukitoka nje vioo vya magari vyote vimeganda. Meseji yako niliipata usiku nikiwa kazini nikaisoma mara tatu, kumbe kweli umeamua, unataka kuagiza Eunos Roadster ya 1990 toka Japani, ile Mazda ndogo ya wazi ya viti viwili! Nimefurahi mno kaka. Ila voisi za WhatsApp hazitoshi kwa jambo hili ndo maana nimekaa chini nikuandikie, soma yote mpaka mwisho kabla hujatuma hela ya watu wa mnada.

Langu kubwa ni moja na nalisema mapema: nunua bodi, usinunue injini. Najua wewe umeanza kuniuliza hospawa na kama turbo inakaa, na mimi nilianza hivohivo. Ile injini ya 1600, B6, ni ngumu sana, ni ya ukoo uleule wa injini za Mazda Familia, na taiming belti ikikatika gari inazima tu barabarani, valvu hazigongani na pistoni, unavutwa mpaka nyumbani unafunga belti mpya unaendelea na maisha. Yangu ina kilomita 187,000 na silinda hedi haijawahi kufunguliwa. Hospawa ni 120 tu lakini gari yenyewe ina kama kilo 940, nyepesi kuliko hata IST ya mkeo, kwahiyo zinatosha kabisa. Injini ikifa unatafuta nyingine, gia boksi nayo unatafuta nyingine, lakini bodi ikishaliwa na kutu huna gari tena, una vipuri vya kuuza.

Ngoja nikusimulie yaliyonikuta mimi maana sijawahi kukwambia yote. Unajua gari yangu nayo ni Eunos, ya 1992, ililetwa huku toka Japani, mpaka leo spidi mita inasoma kilomita wakati wenzangu barabarani wanasoma maili, na redio yake inaishia 90 kama magari yote huko nyumbani. Niliinunua kwa mtu aliyekuwa anailaza nje chini ya mti. Rangi inang'aa, injini inaunguruma vizuri, mimi macho yakaniponza. Ile gari ina matundu mawili ya kutolea maji, moja kila upande nyuma ya viti, pale turubai linapokunjikia. Mvua ikinyesha maji yanateremka kwenye turubai yanaingia kwenye matundu yale yanapita ndani ya bodi yanatokea chini, mbele ya tairi la nyuma. Sasa majani ya ule mti yalikuwa yameziba yote mawili, sijui miaka mingapi, maji yakawa yanakosa pa kwenda yanajaa ndani ya ile bodi ya chini ya mlango, yanakula chuma toka ndani kuja nje, na wewe nje unaona rangi nzuri tu.

Nikaipeleka kwenye ukaguzi wa kila mwaka, MOT wanauita. Fundi akaipandisha juu, akaja na kibisibisi chake akagonga taratibu, koo koo koo, sauti ya chuma, alafu alipofika karibu na tairi la nyuma haikugonga, ikazama. Bisibisi ikaingia kaka. Akanigeukia hakusema kitu, akaenda upande wa pili nako ikazama. Nilirudi nyumbani kwa basi siku ile na sikula usiku. Kukata chuma kibovu na kuchomelea kipya pande zote mbili ilinigharimu pauni 850, hela niliyokuwa naweka kwa ajili ya kuja Dar Disemba ile, ndo ile Disemba mliyonisubiri sikutokea, sasa unajua kwanini.

Kwahiyo ukishaipata, kabla hata hujaiosha, chukua mshipi mnene wa nailoni wa kuvulia, ule wa samaki wakubwa, ingiza kwenye yale matundu taratibu mpaka utokee chini, alafu mimina maji ya jagi uone yanatoka. Usitumie waya mgumu, njia yenyewe ina mpira na plastiki ndani, ukiitoboa umejiharibia mwenyewe. Kila baada ya miezi mitatu fanya hivo. Na wewe Kigamboni una shida ambayo mimi sina, upepo wa bahari wenye chumvi mwaka mzima, huku chumvi wanaimwaga barabarani wakati wa baridi tu ili barafu iyeyuke, na miezi hiyo mimi gari naifunika kabisa siitoi siku za chumvi. Wewe huwezi kuificha mwaka mzima. Iweke kwenye banda, isogee mbali na pwani ya wazi, iogeshe maji baridi hata chini ya uvungu, na tafuta nta ile ya kupuliza ndani ya bodi, wanaiingiza kwa mpira mrefu wenye ncha, ipulizie ndani ya milango na chini yake. Rangi unaweza kupiga baadae, hiyo nta usiahirishe.

Karatasi ya mnada nitumie, nitakusomea. Angalia michoro ya gari pale chini, wanaandika vialama, A ni mikwaruzo, U ni bonde, W palipigwa bodi wakapaka, S ni kutu na C ni kutu iliyokula zaidi. Ukiona S na C nyingi pale karibu na tairi za nyuma achana nayo hata kama gredi ni nzuri na bei inavutia. Na uliza imetokea mkoa gani, za kaskazini kule Hokkaido zinaishi kwenye theluji, tafuta ya kusini. Na ushuru usiusahau, gari ya miaka zaidi ya 30 ule ushuru wa uchakavu unaubeba wote, pita kwenye kikokotoo cha TRA kwanza ujue jumla, usije ukakwama bandarini unalipia na gharama za kuhifadhi.

Alafu kuhusu hiyo 1990 uliyoiona. Mi nakushauri utafute kuanzia katikati ya 1991 kwenda mbele. Za mwanzo zina kranki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, yenye pua fupi, pale mbele panapokaa puli, sasa fundi akibadilisha taiming belti alafu ile bolti kubwa asiikaze inavotakiwa, puli inaanza kucheza taratibu inaitafuna ile nafasi ya ufunguo, kile kichuma kinachoshikanisha puli na kranki, siku moja gari inapoteza nguvu bila sababu na kranki imeshaharibika. Utazijua kwa kuangalia puli, yenye nafasi nne ndo ya pua fupi, yenye nane ndo imara. Sio kwamba zote za mwanzo zinakufa, ziko zinatembea mpaka leo, ila kwa umbali ulioko na vipuri, mbona ujitafutie mtihani.

Vingine ni vidogo na utavizoea. Klachi, ile silinda ya chini kwenye gia boksi inavuja, karibu zote zinavuja ipo siku. Mimi ilinikuta kwenye foleni, nikakanyaga pedali ikaenda mpaka chini haikurudi, nikazima injini nikatia gia ya kwanza nikawasha ikiwa kwenye gia ikanivuta mpaka pembeni. Silinda yenyewe bei ndogo na bolti mbili tu, ukiona kikopo cha mafuta ya klachi kinapungua usiongeze ukanyamaza, badilisha. Rejeta ina kichwa cha plastiki, ikiwa mpya ni nyeusi, ukiona imekuwa ya kahawia kama chai ya rangi basi imeshakauka na itapasuka, na kwa joto la Dar na foleni ya Mandela mi ningeibadilisha siku gari inashuka bandarini bila kuuliza. Asubuhi ukiwasha utasikia tapeti zinagonga tik tik tik, usishtuke, zinafanya kazi kwa presha ya oili na zikikaa muda mrefu zinaishiwa, ukitembea kidogo zinanyamaza, oili safi ndo dawa yake. Filta ya oili imefichwa chini ya manifoldi upande wa kulia, mara ya kwanza utaitukana, mkono wangu ulitoka na makovu.

Betri ipo kwenye buti! Hiki usikubali fundi akudanganye akakufungia betri ya kawaida ya maji, inatoa gesi, na ile gesi ikibaki kwenye buti inakula chuma. Tafuta iliyofungwa ambayo ina mirija ya kutolea hewa nje. Na kioo cha nyuma cha turubai ni plastiki, kabla hujakunja turubai fungua zipu yake kwanza ukilaze chini vizuri, ukikunja na kioo kinakunjika, ukifanya hivo mara kumi kinapata ufa.

Vipuri usiogope sana. Mwaka 2017 Mazda wenyewe walitangaza mpango wa kuzirudisha upya hizi za kizazi cha kwanza huko Japani na wakaanza kutengeneza tena vipuri vilivokuwa vimeisha, turubai, usukani wa mbao wa Nardi, hata tairi zile za Bridgestone saizi ya mwanzo, 185/60R14. Kampuni ngapi zinafanya hivo kwa gari ya hela ndogo? Mi hilo lilinigusa sana. Huku nako kuna watu wanachinja zilizooza wanauza kila kitu, kwahiyo chochote nitakipata.

Jirani yangu hapa ni mzee mmoja alifanya kazi kiwanda cha Triumph, hapahapa Coventry, pale Canley, walipokuwa wanatengeneza Spitfire mpaka 1980 wakaacha. Hizi gari ndogo za viti viwili za wazi zilikuwa za Waingereza, MG, Triumph, Lotus, kisha karibu zote zikafa, na Wajapani wakaja kuonyesha ya kwao Chicago mwaka 1989 wakichukua raha ileile ila hii inawaka asubuhi na haimwagi oili sakafuni. Nilimwendesha yule mzee Jumapili moja, akashika ile gia fupi akaitingisha kidogo, akasema tu "hivi ndivo tulivotaka iwe", kisha akakaa kimya mpaka tunarudi.

Na hilo ndo sijakueleza, kwanini naipenda pamoja na yote iliyonila. Kuna barabara nje ya mji inaitwa Fosse Way, njia ya Warumi wa zamani, nyembamba, inapanda na kushuka kati ya mashamba. Natoka saa kumi na moja na nusu asubuhi siku za kiangazi, turubai limefunguliwa, unasikia harufu ya majani mabichi na ya mkate ukipita kijijini, unabadili gia kwa kifundo cha mkono tu, mbele taa zile zimeinuka kama macho ya chura. Spidi ni 80 tu, kilomita, siendi popote. Wale Wajapani waliitengeneza kwa kauli yao, mpanda farasi na farasi kuwa kiumbe kimoja, na kaka ni kweli, unawaza kukata kona na gari imeshakata. Kumbuka mzee wako alivokuwa anatusimulia Datsun 240Z ya Shekhar Mehta ilivoshinda Safari 1973, tumekaa barazani na uji, mimi nadhani ugonjwa huu ulituingia pale. Ukiipata mpandishe yeye kwanza, magoti yatamsumbua kuingia maana viti viko chini, mshike mkono.

Matuta ya huko ndo yananitia wasiwasi. Usiishushe hata sentimita moja, springi ziache za kiwandani, ukifika kwenye tuta ingia kwa ubavu. Pantoni nayo ile rampu itakukwangua, pita darajani ulipe tu. Na usiipaki wiki tatu ukisubiri siku nzuri, ikikaa mipira inakauka, kaliper za breki za nyuma zinakwama, tapeti zinapiga kelele. Itembeze kila wiki, hata ukienda kununua samaki Feri.

Hela ya mwaka wa kwanza weka pembeni kwa mpangilio huu: rejeta na mipira yote ya maji, taiming belti pamoja na pampu ya maji, tairi mpya, mafuta yote ya breki, klachi, gia boksi na difu. Rimu za kung'aa mwaka wa pili. Turbo tutaongea nikija.

Mdogo wangu anakuja huko tarehe 14 Disemba, nimemfungia kwenye begi silinda ya klachi mpya na mpira wa kufunikia gia, ule ukichanika joto lote la injini linapanda kwenye miguu. Muulize akupe kabla hajaenda Tanga. Karatasi ya mnada nitumie usiku huuhuu, mi niko macho mpaka saa saba.

Msalimie mzee na watoto.

Wako,
Hamisi