Takwimu za majengo zihakikiwe kabla ya kulinganishwa

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie usahihi wa takwimu zinazotumika kulinganisha matumizi ya nishati katika majengo, jambo ambalo wasimamizi wengi hawalipi uzito linaostahili.

Kipimo kinachotumika zaidi hupatikana kwa kugawa nishati ya mwaka mzima kwa eneo la sakafu, hivyo eneo likikosewa, jibu zima huharibika hata kama bili zote ni sahihi. Chukua jengo la ofisi linalotumia kilowati-saa 1,500,000 kwa mwaka: likiandikwa kuwa na mita za mraba 10,000, litaonekana kutumia kilowati-saa 150 kwa kila mita ya mraba, lakini ikigundulika kwamba mita 2,000 kati ya hizo ni maegesho ya magari yasiyostahili kuhesabiwa, kiwango hicho hupanda hadi 187.5. Jengo lililosifiwa kwa matumizi madogo huenda ndilo linalohitaji matengenezo ya haraka, na fedha zimeshapelekwa kwingine.

Hali ni hiyo hiyo ghorofa zinapohamwa au saa za kazi zinapoongezwa bila kumbukumbu kurekebishwa. Bili za makadirio nazo ziwekewe alama hadi mita ya kupimia nishati isomwe.

Nashauri kila jengo liwe na mtu mmoja anayewajibika, mwenye ramani zake mkononi, azipitie kumbukumbu hizo kila mwaka na kila mpangaji anapobadilika, huku akiandika tarehe na sababu ya kila rekebisho. Mamlaka zinazotangaza alama za majengo kwa matumizi yake ya nishati zidai kwanza ushahidi huo.

Msomaji wako