Kaseti Uliyoiharibu

Tabata, Dar es Salaam
8 Desemba

Mpendwa Mama Neema,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye joto. Sisi wazima, isipokuwa Baba Dani analalamikia goti, na goti lenyewe naona linazidi kuuma kila nikitaja kuosha gari. Natumaini Mwanza nako hamjambo, na mjukuu keshaanza kusimama dede.

Ujumbe wako kwamba mwaka huu hamtakwenda nyumbani nimeupata. Nimeumia, ila sikulaumu. Nauli za Desemba nazijua, na watu wanne kutoka Mwanza mpaka Marangu si mchezo. Basi sisi tutakwenda kuhesabiwa, ninyi mtaandikwa watoro. Mwishoni ukaniuliza, nadhani kwa utani, siku ya mkesha wa Krismasi nitapiga nyimbo gani ili na wewe upige hizo hizo huko uliko. Nakujibu kwa barua kwa sababu jibu ni refu na kwenye simu ungenikatiza.

Nitaanza na Jim Reeves, yule mwimbaji wa Kimarekani, kama baba alivyokuwa akianza. Ni ile albamu yake ya Krismasi yenye nyimbo 12, ya mwaka 1963. Unajua nimekuja kugundua utu uzimani kwamba yeye mwenyewe aliila nayo Krismasi moja tu? Tarehe 31 Julai 1964 ndege yake ndogo, aliyokuwa akiirusha mwenyewe, ilianguka karibu na Nashville. Kwa hiyo wakati tunabishana pale sebuleni kama atakuja kuimba Moshi au ataishia Nairobi, mwenzetu alikuwa na zaidi ya miaka 20 kaburini. Hakuna mkubwa aliyetuambia. Nadhani hata baba hakujua.

Sauti yake haikuhutubii. Inakaa na wewe kwenye kochi, inaongea na mtu aliyekwisha kuanza kusinzia. Halafu zikumbuke zile betri za redio ya kaseti! Zikichoka, Jim anazidi kushuka, anashuka, mpaka anakuwa dume la ng'ombe, na baba anatutuma tukazianike juu ya bati la banda la mbuzi. Tukizirudisha jioni zina moto wa jua, Jim amepona.

Upande wa pili wa kaseti yetu ni albamu ya Krismasi ya kundi la Boney M., ile ya 1981. Najua utaguna. Madukani wanaipiga tangu Novemba, mtu anaichoka kabla hata hajanunua mchele wa sikukuu. Lakini ipige nyumbani, sauti ya wastani, tangu mwanzo, umsikilize Liz Mitchell kana kwamba hujawahi kumsikia. Yule mama anaimba. Na pole kwa habari hii: ile sauti nzito ya kiume uliyokuwa ukiiigiza, umejifunga kitenge cha mama yako shingoni unaruka kama Bobby Farrell, haikuwa ya Bobby. Ni ya Frank Farian, Mjerumani aliyeliunda kundi. Studioni aliimba yeye, jukwaani akaruka Bobby. Siku niliyolijua hili nilicheka peke yangu kwenye daladala, konda akaniuliza kama nimesahau kushuka.

Kuna kitu nataka ukisikilize kwa makini. Ule wimbo wa mtoto wa Mariamu umo pande zote mbili za kaseti yetu. Aliyeutunga ni Jester Hairston, Mmarekani mweusi, mjukuu wa watumwa, na Harry Belafonte akauimba mwaka 1956. Jim anaupitisha taratibu kama mtu aliyebeba kitu kisichotakiwa kumwagika. Boney M. walipoushika mwaka 1978 waliuongezea kipande chao na mwendo wa kucheza, na Krismasi hiyo ukawa namba moja Uingereza. Usikilize kwa Jim, kisha geuza upande. Tulipokuwa wadogo nilidhani ni nyimbo mbili tofauti. Ila betri zikichoka, Boney M. walikuwa wanamfikia Jim kwa upole, tena hapo ndipo nilipokuwa nikiwapenda zaidi.

Sasa tuje kwenye kosa lako.

Krismasi ya 1988, baba yuko kanisani na wazee wenzake, wewe ukabonyeza kitufe chekundu cha kurekodi. Usikatae, ushahidi upo. Wimbo wa mwisho wa Jim, Usiku Mtakatifu, umefika katikati, mara "ka!", halafu unasikika wewe: "Halo, halo, hii ni Redio Tanzania, Marangu." Jogoo anawika. Mama kule jikoni anauliza ni nani kachukua mwiko. Kimya kidogo, mtu anapiga chafya (hiyo ni mimi), kisha "ka!" tena, na Jim anarudi kumalizia maneno machache ya mwisho kana kwamba hakuna lililotokea. Viboko nilikula mimi, kwa sababu redio ilikuwa ya kwetu na wewe ulikuwa mgeni.

Juzi Dani kaniwekea albamu nzima kwenye simu, safi, haina mkwaruzo. Nikakaa barazani nikasikiliza. Ilipofika pale, sikio langu likasimama kukungoja. Hukutokea. Jim akaendelea tu kuimba, kumbe pale pana maneno ambayo miaka yote hii sijawahi kuyasikia kwake! Nilimwona kama mtu aliyeingia ndani bila kupiga hodi. Nikamwambia Dani aizime, naye hakuelewa kitu.

Ndiyo sababu sipendi wanavyosikiliza watoto hawa, wimbo mmoja wa huku, mmoja wa kule, simu inachagua. Dada yake Dani ana Mariah Carey wake wa 1994, wimbo mmoja anaurudia mara saba. Mimi wimbo ukiisha nataka kujua unaofuata kabla haujaanza.

Nat King Cole, mwimbaji mwingine wa Kimarekani, sikukua naye, nilimkuta hapa mjini. Albamu yake ilitoka 1960, na mwaka 1963 wakaitoa upya kwa jina jingine, wakaingiza na ule wimbo wake maarufu wa baridi na moto wa kuota. Wimbo wenyewe uliandikwa California mwaka 1945, wakati wa kiangazi cha kule, jua kali. Bob Wells alikuwa akijiandikia mistari ya baridi ili angalau ajisikie kupoa. Mel Tormé alipoikuta, wakaumalizia pamoja. Mama Neema, saa nane mchana hapa Tabata umeme umekatika, feni limesimama, jasho linatiririka mgongoni, namwelewa yule bwana kabisa.

Na asubuhi ya Krismasi kabla ya ibada huwa napiga Missa Luba. Najua siyo ya Krismasi, na wewe uliyeolewa kwa Wakatoliki usinicheke. Ni misa ya Kilatini, lakini inaimbwa kwa sauti za Kiluba na ngoma za kwao, na waliorekodi mwaka 1958 ni wavulana wa Kamina, Katanga, pamoja na walimu wao, chini ya Padre Guido Haazen wa Ubelgiji. Muungano National Choir ya Kenya, na kiongozi wao Boniface Mganga, waliirekodi tena ikatoka 1990, na imenyooka zaidi. Mimi naitaka ile ya watoto.

Alfajiri ya tarehe 25 tarumbeta za usharika zikianza nitakupigia, niiweke simu dirishani.

Kaseti yenyewe nimeipeleka kwa fundi Kariakoo, ameinakili kwenye flashi, na chafya yangu imo. Kwa hiyo ya asili nakutumia wewe. Nitampa dereva wa basi la Jumatano, imefungwa kwenye kile kitambaa cha bluu, namba yake ya simu nitakutumia. Redio ya kaseti mtaazima hapo mtaani, na ikila utepe, zungusha taratibu kwa kalamu ya Bic. Vile vijino vya juu nimevivunja vyote viwili ili isirekodi tena. Nakujua.

Wako akupendaye,
Mama Dani