Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Valvu Iliyochelewa

Ndugu wanachama,

Naanza na fedha ili nizimalize. Ada zimekusanywa, vitabu vimekaguliwa, deni la ukumbi limelipwa. Mweka hazina atawasomea hesabu mwenyewe.

Mwaka huu vikao vyetu vilimezwa na swali moja, lililoletwa na mwenzetu mwenye mashine ya kujaza chupa. Programu yake ameiandika kwa Ada, lugha ya kuandikia programu yenye kiwango cha kimataifa tangu miaka ya 1980, na inaendeshwa na kompyuta ya mezani yenye Windows. Chupa nyingi zilijaa sawasawa, ila mara mojamoja valvu ilichelewa kufunga, kinywaji kikamwagika. Kompaila, yaani chombo kinachogeuza maandishi ya Ada kuwa programu inayoendeshwa, ilinunuliwa kwa sifa ya kufuata kiwango. Sasa kosa la nani?

Tulifungua kiwango chenyewe, tukakuta mambo ambayo wengi wetu, mimi nikiwamo, tulikuwa tukiyataja bila kuyasoma. Sehemu ya mifumo ya muda halisi, ile inayopaswa kutenda kwa wakati uliopangwa, yaani Kiambatisho D, si ya lazima: kompaila inaweza kuiacha na bado ikahesabika kuwa Ada halali. Halafu amri ya delay, inayoiambia kazi (sehemu ya programu inayojiendesha) isubiri, inaahidi tu kwamba kazi hiyo haitaamka kabla ya wakati wake. Kuchelewa baada ya hapo ni shauri la mfumo endeshi ulio chini, kama Windows. Kiambatisho D humtaka mtengenezaji aandike vipimo vya ucheleweshaji huo, lakini kuuandika si kuupunguza.

Saa ya Windows kwa kawaida hupiga kila milisekunde 15.6 hivi. Ukiomba kulala milisekunde 1, huenda ukaamshwa na pigo linalofuata. Mwenzetu aliomba mapigo ya milisekunde 1, umwagikaji ukapungua, haukukoma.

Tukahamia kwenye vipaumbele, yaani ngazi zinazoamua kazi ipi itangulie kupata prosesa. Kiambatisho D kinadai ngazi zisizopungua 30. Windows ina 32, ungedhani zinatosha na chenji inabaki. Lakini programu ya daraja la kawaida hupangia nyuzi zake, ambazo ndizo hubeba kazi za Ada, kwenye ngazi 7 tu. Kwa hiyo kazi ulizozitenganisha kwa makusudi hujikuta zimekaa benchi moja, zikisubiriana.

Wapo waliotaka tumshauri anunue kompyuta yenye kasi zaidi. Niliwapinga kikaoni na nawapinga tena hapa. Kasi hushusha wastani; chupa humwagwa na ile mara moja iliyochelewa.

Upande wa Linux, mfumo endeshi mwingine, kuna habari njema: PREEMPT_RT, nyongeza inayoufanya ufae kazi za muda halisi, iliyokaa nje kwa takriban miaka 20, iliingia rasmi mwaka 2024 na kutoka na toleo la 6.12. Kamati ya ufundi inaijaribu. Hata hivyo, programu ya ndani ya ubao mama bado inaweza kuinyang'anya prosesa muda bila mfumo endeshi kujua.

Mwishowe valvu ilihamishiwa kwenye kidhibiti kidogo kisicho na mfumo wa mezani, kikifuata masharti ya Ravenscar, yanayobana namna kazi za Ada zinavyotumika, yaliyozaliwa mwaka 1997 katika kijiji cha jina hilo huko Yorkshire, Uingereza. Ni masharti makali: hata ile delay ya kuhesabu kuanzia sasa imepigwa marufuku, unabaki na delay until, yaani kusubiri hadi saa iliyotajwa. Kompyuta ya mezani imeachiwa kuonyesha takwimu, na hapo haina mpinzani.

Kikao kijacho kila mmoja aje na kitabu cha maelezo cha kompaila yake, tusome vipimo vya Kiambatisho D pamoja. Siku hiyohiyo tutachagua katibu. Mimi kalamu mbili zimenishinda.