Ratiba ya maonyesho itufikie mapema

Mhariri,

Nimesoma kwa furaha taarifa yenu kuhusu maonyesho ya sanaa yajayo jijini Nairobi. Nina ombi moja tu: ratiba itangazwe mapema, tena kwa Kiswahili.

Chukua mfano wa Nairobi Gallery, pale Kenyatta Avenue inapokutana na Uhuru Highway. Jengo hilo la mwaka 1913 lilikuwa ofisi ya Mkuu wa Mkoa, ambako wakazi waliandikisha vizazi, ndoa na vifo. Leo limehifadhi hazina ya sanaa ya Kiafrika iliyokusanywa na Joseph Murumbi, Makamu wa Rais wa pili wa Kenya, pamoja na mkewe Sheila. Umati hupita hapo kila siku kwa miguu na kwa matatu, na wengi, nathubutu kusema, hudhani bado ni ofisi ya serikali. Tangazo la mtandaoni humfikia anayejua tayari anachotafuta. Mwalimu naye hawezi kupanga ziara ya darasa kwa taarifa ya siku tatu.

Napendekeza Makumbusho ya Taifa ya Kenya, inayosimamia jengo hilo, iweke langoni ubao wa ratiba ya miezi mitatu, wenye tarehe, kiingilio na majina ya wasanii, na nakala zipelekwe shuleni kabla ya muhula kufunguliwa.

Msomaji wenu,
Nairobi