Mtoto mbishi sio lazima awe kakosa fimbo

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Kila ikitajwa habari ya mtoto mbishi watu wanakimbilia kusema kadekezwa, mara mama yake mlegevu, hamna anayeuliza hiyo hali imeanza lini na anamfanyia nani. Kuna tatizo la ukaidi uliopitiliza ambalo liliingia kwenye mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani toka 1980, na halipimwi kwa kelele za siku moja, wanaangalia kama hasira, ubishi na visasi vimedumu miezi 6 au zaidi, dalili zisizopungua 4, tena isiwe anagombana na ndugu zake tu maana hao kugombana ni kawaida. Mtoto wa miaka 2 kugaragara chini akinyimwa simu, huyo bado anakua jamani.

Wengi wa watoto wenye tatizo hili la ukaidi wana shida ya kutotulia pia, hiyo ikitibiwa ubishi nao unaweza kupungua. Ila dawa maalum ya ukaidi wenyewe hakuna, tiba kubwa ni kumfundisha mzazi, yani amri iwe moja na fupi, "vaa viatu", sio hotuba ya dakika 10, akivaa msifie hapohapo, asipovaa adhabu ndogo uliyomwambia mapema na usiibadilishe. Viboko vinamwongezea hasira tu. Na walimu nao wasikimbilie kumfukuza, wamwite mzazi wakubaliane njia moja, maana akigundua nyumbani na shuleni mnapingana atapita hapohapo katikati.

Mzazi, msomaji wenu