Gari Linachemsha? Kabla ya Kuongeza Maji, Tuambie Linachemsha Wakati Gani

Mteja akituletea gari linalochemsha, swali letu la kwanza ni moja: linachemsha wakati gani? Kwenye foleni, kwenye mwendo, ukipanda mlima, au dakika chache tu baada ya kuliwasha? Jibu lako linatuonyesha pa kuanzia, na linakuepusha kununua vipuri kwa kubahatisha.

Likichemsha kwenye foleni halafu likapoa ukishika mwendo, tunaanza na feni. Gari likikimbia, upepo unapita wenyewe kwenye rejeta, yaani kipoza maji ya injini. Likisimama, kazi yote inabaki kwa feni. Kwa hiyo tunapima fyuzi, relei (swichi inayoipelekea feni umeme), sensa ya joto na soketi ya waya kabla ya kuigusa mota. Tumeshachomoa soketi tukakuta pini moja imeungua na plastiki imegeuka kahawia, wakati feni yenyewe ni nzima kabisa.

Likitulia mjini na kuchemsha kwenye safari ndefu au mlimani, joto ni jingi kuliko maji yanavyoweza kulibeba. Huenda rejeta imeziba ndani kwa kutu na magadi ya maji ya bomba, au mapezi yake yamejaa vumbi na wadudu. Huenda pia pampu ya maji imechoka. Pampu nyingi zina kitundu kidogo chini ya shafti; sili (kizuizi cha maji kwenye shafti) ikianza kufa, maji yanachuruzika hapo, yanakauka kwa joto la injini na kuacha ukoko wenye rangi ya kulanti, yale maji ya rangi ya kupozea injini. Chini ya gari huoni hata tone, lakini kila wiki maji yanapungua.

Likipanda joto mapema sana baada ya kuwashwa, na maji yapo, tunashuku thamostati, kilango kinachofungua na kufunga njia ya maji kwenda kwenye rejeta kulingana na joto. Kwa magari mengi huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 90 hivi. Ikikwama imefungwa, hozi inayotoka kwenye injini inakuwa ya moto sana huku ile inayotoka kwenye rejeta ikiwa bado baridi. Wapo wanaoing'oa na kuitupa. Sisi hatufanyi hivyo, hata mteja akiomba. Bila thamostati injini inachelewa kupata joto lake na inakula mafuta zaidi, na kwenye baadhi ya injini maji hupitia njia ya pembeni bila kufika kwenye rejeta, gari likazidi kuchemsha.

Kuna kipande kinachodharauliwa mno: mfuniko wa rejeta. Maji matupu huchemka kwa nyuzi 100, lakini mfuniko mzima unaoshikilia presha ya karibu bar 1 unayasukuma hadi karibu nyuzi 120 kabla hayajachemka. Mpira wake ukipasuka, presha inatoroka na maji yanatokota mapema. Tulipokea gari lililokwisha kubadilishwa rejeta na pampu, na bado linachemsha. Tulipougeuza mfuniko, mpira wake ulikuwa mkavu, una nyufa, na ukiukuna kwa kucha unamomonyoka. Mfuniko mpya ukamaliza tatizo. Ilituuma kuona mtu ametumia fedha nyingi hivyo kabla ya kuangaliwa kitu kinachoshikika kiganjani.

Habari mbaya zaidi ni kuharibika kwa gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi (sehemu ya juu ya injini) na bloku. Dalili zake: maji yanapungua bila kuvuja popote, moshi mweupe mzito wenye harufu tamu hata injini ikishapata moto, mapovu yasiyoisha kwenye rejeta, au oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa. Hapo hatukisii. Tunapima kama gesi ya mwako inaingia kwenye maji, na tukifungua, hedi lazima ipimwe kama imepinda. Kufunga gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda ni kumrudisha mteja gereji baada ya muda mfupi, na analipa upya.

Ukiwa barabarani na mshale wa joto unapanda, zima AC na ufungulie hita kwa nguvu zote. Utatoka jasho, lakini hita inatoa sehemu ya joto la injini. Mshale ukizidi kupanda, egesha pahala salama na uzime. Usifungue mfuniko wakati injini ina moto: maji yale yana presha, yataruka na kukubabua uso na mikono. Subiri hadi hozi ya juu ipoe na ibonyee kwa vidole. Na mshale ukishuka ghafla huku gari halina nguvu, usifurahi. Huenda maji yamekwisha kabisa na sensa inapima hewa.

Ukituletea gari, lilete bila kuosha injini. Ule ukoko, zile alama za maji yaliyokaukia kwenye hozi na pembeni mwa rejeta, ndivyo tunavyovifuata hadi kwenye uvujaji. Ikiwezekana liache kwetu tangu jioni, ili asubuhi tulifungue likiwa baridi na kuliwasha wenyewe kwa mara ya kwanza.